Usiwambe ngoma kwa ngozi ya chumvi, hasa kama uko pwani

Mkuu subiri kwanza, hiyo hela usitume.

Umeuliza mengi, mbuzi au ng'ombe, manyoya yanatolewaje, misumari au vigingi, harufu inaishaje, sawa, lakini mimi nimekwama kwenye ule mstari ulioupita haraka haraka kwamba kuna mfanyabiashara wa ngozi Dodoma anakuuzia kwa bei chee ngozi za ng'ombe "zimetiwa chumvi kwa hiyo hazitaoza", halafu ngoma zenyewe ni za kikundi chenu hapo Pangani. Aisee hapana. Hapana kabisa. Hiyo ngozi ni ya kiwanda cha viatu, sio ya ngoma.

Ngoja nikueleze kwa nini maana mimi sikuelezwa na mtu. Machinjioni ngozi inamwagiwa chumvi ya kutosha ili isiharibike njiani kwenda kiwandani, na kule kiwandani kitu cha kwanza wanachofanya ni kuilowesha na kuifua hiyo chumvi itoke ndio waendelee na dawa zao. Kwa hiyo kwa mtu wa viatu haina shida yoyote. Kwa mtu wa ngoma ni balaa, kwa sababu chumvi ikishaingia ndani ya ngozi haikai kimya, inavuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 inaanza kunywa maji yenyewe, ndio maana chumvi ya jikoni kwetu wakati wa masika inagandamana kwenye kopo. Sasa niambie ni usiku gani Pangani, Tanga, Bagamoyo au Unguja ambao hewa haina unyevu huo? Na ngoma zinapigwa saa ngapi? Usiku!

Dodoma hutaona kitu. Hapo ndipo ujanja wa wauzaji ulipo. Sisi ngozi zetu tulizinunua huko huko bara wakati wa kiangazi, tukaziwamba huko huko, tukazijaribu palepale mbele ya muuzaji, zinalia safi, mlio mkavu, ile ngoma kubwa ukiipiga unaisikia kifuani. Tukazibeba mpaka Bagamoyo tukazipanga ndani tunasubiri harusi. Siku ya shughuli mchana zikapigwa vizuri tu, kuanzia magharibi upepo wa baharini ulipoanza kuingia zikaanza kushuka moja baada ya nyingine, ufikapo usiku ukizipiga zinasema bwe bwe tu, waimbaji wanaangaliana. Tukawasha moto wa makuti tukaziotesha kama wanavyofanya wazee, zikakaza, nusu ya wimbo hazijamaliza zimelegea tena. Tukaziotesha tena karibu zaidi, ile ndogo ikapasuka katikati. Ngoma yoyote ya ngozi ikipata unyevu inashuka, hilo kila mtu wa pwani analijua na moto ndio dawa yake, lakini ngozi safi ukiiotesha inakaa muda wa maana. Ya chumvi unaikausha na dakika hiyo hiyo inaanza kunywa upya.

Na hiyo bado sio hasara kubwa. Hasara kubwa tuliiona baadaye tulipozifungua tubadilishe ngozi. Misumari yote imeliwa. Chumvi na unyevu vimekaa pale pembeni ya ngozi miezi, chuma kimeoza, unaikamata na koleo kichwa kinabaki mkononi na mwili wa msumari unabaki ndani ya mti. Mdomo mzima wa mzinga, yaani ule mwili wa mti wa ngoma, umejaa vipande vya kutu na mbao imegeuka rangi nyeusi kuzunguka kila tundu. Mizinga ile ilikuwa ya mfenesi, imechongwa na fundi mzee kwa mkono, sio kitu cha kwenda kununua dukani kesho. Ikabidi ikatwe midomo ishushwe chini, na ukishakata mdomo umebadilisha mzinga, sauti haiwi ile. Ngozi unanunua nyingine wiki hii hii, mzinga haurudi. Ndio maana naandika kwa jazba hivi, naomba mnisamehe wadau ila nikimwona mtu anaelekea kulekule siwezi kukaa kimya.

Yule aliyetuuzia alijua. Tulimwambia kabisa hizi ni za ngoma na zinaenda pwani, akasema chumvi ndiyo inaifanya ngozi idumu, akatupiga na maneno mengi ya kitaalamu. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, huyu hata ngoma hajui kuwamba, yeye anavuta tu. Tulipompigia simu akasema tumeweka ngoma sehemu mbaya. Bahari tuihamishie wapi?

Kuna watu watakuja hapa chini kukwambia loweka tu kwenye maji mengi ubadilishe badilishe chumvi itatoka. Ya mbuzi, ambayo ni nyembamba, kweli inatoka kiasi kikubwa. Ya ng'ombe nene chumvi iko ndani kabisa, ili itoke unatakiwa uiloweshe muda mrefu, na kwa joto la pwani ngozi mbichi ikikaa majini muda mrefu inaanza kuoza, utaiona inateleza na inanuka, halafu ukiiwamba inachanika kwenye misumari. Kwa hiyo unachagua kati ya chumvi na uozo. Kwa nini ujiingize huko wakati ngozi isiyo na chumvi ipo?

Utaijuaje? Mwambie akukatie kipande kidogo cha pembeni akutumie kwa basi. Kiache nje barazani usiku kucha sehemu ambayo hakinyeshewi. Asubuhi kishike. Ngozi iliyokaushwa bila chumvi itakuwa bado ngumu, ukiigonga na kucha inalia. Ya chumvi itakuwa imelainika, inapinda, mkononi unasikia ubichi. Kama bado una wasiwasi kiloweke kwenye kikombe cha maji safi, halafu yale maji yamimine kwenye sahani nyeusi uyaache yakauke juani, chumvi itabaki nyeupe unaiona kwa macho. Na kuna wazee wanailamba ngozi kuipima, tafadhali usilambe. Ngozi mbichi inaweza kubeba kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu, na chumvi haiui vimelea vyake, vinakaa kwenye ngozi kavu miaka. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja New York aliugua kimeta cha mapafu baada ya kukwangua ngozi alizotoka nazo Ivory Coast, akapona, na mwaka 2008 mwingine London alifariki kwa ugonjwa huo huo. Kwa hiyo ngozi ya kibudu, mnyama aliyejifia, usiguse hata upewe bure, na wakati wa kunyoa manyoya makavu funika pua na mdomo, fanyia nje, watoto wakae mbali.

Sasa ngozi nzuri unaitoa wapi. Wewe uko pwani, Idd ya kuchinja watu wanachinja mbuzi kila mtaa na ngozi nyingi zinatupwa tu au unapewa kwa bei ya soda. Pita nyumba kwa nyumba siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Kwa ng'ombe ongea na wachinjaji mapema, waambie hutaki ichanjwe visu, maana wakichuna kwa haraka wanaacha mikato upande wa ndani ambayo huioni mpaka siku unapoikaza ikafunguka. Ukiipata osha damu, kwangua shahamu yote kwa kisu butu, kisha iwambe kwenye fremu ya miti kwa kamba, ivutwe pande zote, ikae kivulini penye upepo. Kivulini nasema. Ukiitandaza chini kwenye jua kali inakauka juu haraka, ndani inabaki mbichi inaoza kimya kimya, nje inaonekana nzuri kabisa, siku unailowesha inaachana tabaka tabaka. Hiyo nayo wanauza sana, kwa hiyo ukinunua iliyokwisha kukauka muulize ilikaushwa wapi na kwa njia gani, akianza kuzunguka zunguka achana naye. Iinue kwenye mwanga uione yote, ukiona mabaka meusi au sehemu inayong'aa kwa mafuta, acha.

Hilo ndilo nalolisisitiza, kama hujui ilikaushwaje usiiwambe. Mengine yote yanarekebishika. Ukikosea unene utabadilisha, ukikosea kamba utakaza upya.

Mbuzi au ng'ombe basi kwa kifupi, zile ndogo za kupiga kwa kiganja weka mbuzi, inajibu haraka na mlio wake ni wa juu, ile kubwa ya kupiga kwa fimbo weka ng'ombe, mbuzi haitavumilia fimbo. Mstari wa uti wa mgongo upite katikati ya mdomo wa mzinga ili pande mbili zilingane, tumboni ni nyembamba na shingoni ni nene, ukiweka ovyo upande mmoja utakuvuta. Kuhusu kenge uliyesikia wanatumia Uganda kwenye engalabi, ile ngoma yao ndefu, ni kweli wanatumia, lakini biashara ya ngozi yake kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, usijiingize huko.

Misumari au vigingi, mimi baada ya yale yaliyotokea sitaki chuma karibu na mzinga wangu, vigingi vya mti mgumu na kamba.

Kwa hiyo mpigie leo, mwambie unataka kipande kwanza. Akikataa jibu umeshapata. Na kama shughuli yenu iko karibu, anzeni na zile ndogo kwa ngozi za mbuzi za hapo hapo Pangani, ile kubwa iacheni wazi mpaka mpate ya ng'ombe iliyokauka kwenye fremu.