Bi harusi kataka wimbo wa msanii mkubwa, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi napiga video za harusi na ndo kazi inayoniweka mjini, sasa karibu kila bi harusi anakuja na wimbo wake kichwani anaoutaka kwenye ile video fupi ya hailaiti, na siku zote ni wimbo wa msanii mkubwa. Nikimwambia kuna ishu ya hakimiliki ananishangaa, anasema wimbo nimeununua mwenyewe na hela yangu. Mwenzangu mmoja ananiambia ukitumia chini ya sekunde 30 huna kesi, mwingine anasema andika pale chini "haki zote ni za mwenye wimbo" yanaisha. Nimsikilize nani? – Mshika Kamera

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, mdogo wangu. Hiyo ya sekunde 30 imezunguka mpaka watu wanaiona kama sheria, lakini hakuna mstari uliochorwa kwamba chini ya hapa ni bure juu ya hapa ni kosa. Kiitikio cha sekunde 8 ndo roho ya wimbo wenyewe, na mahakama za Marekani kwa mfano zinaangalia hilo pia, sio urefu peke yake. Na hiyo ya kuandika pale chini ndo inanichekesha zaidi, maana umeandika kwa mkono wako kwamba ulijua wimbo ni wa mtu na ukautumia hivyo hivyo. Marekani fidia ya kisheria inaanzia dola 750 mpaka 30,000 kwa kazi moja, ikionekana ulifanya makusudi inaweza kufika 150,000.

Sasa bi harusi. Ni kweli kanunua, ila alichonunua ni ruhusa ya kusikiliza. Kuuweka wimbo chini ya picha ni ruhusa nyingine kabisa, tena ni mbili: moja ya utunzi, yani maneno na melodi, ambayo iko kwa mtunzi au kampuni inayomsimamia, ya pili ni ya ile rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi iko kwa lebo. Ukipata moja bila nyingine bado hujapata. Ndo maana hata wale wanaosema nitamtafuta mtu aimbe kava, yani aurudie wimbo kwa sauti yake, wamepona nusu tu, rekodi ni yako sawa, utunzi bado wa mwenyewe.

Kuna wanaoweka kipengele kwenye mkataba kwamba mteja ndo kachagua muziki na yeye ndo atawajibika. Kiweke, hakidhuru, kitakusaidia kumdai mteja gharama kama mambo yakiharibika. Ila mwenye wimbo hajasaini huo mkataba, kwa hiyo hakuna kinachomzuia kukufuata wewe uliyeediti na kupokea hela.

Nikuambie na ukweli mwingine, wengi wanafanya hivyo na hawajawahi kupigiwa hata simu. Video iliyokaa kwenye flashi ndani ya kabati la wanandoa nani ataiona? Hiyo haiihalalishi, lakini balaa lenyewe kwa kawaida linaanza ukiiposti ili upate wateja wengine. YouTube ina Content ID tangu 2007, inalinganisha sauti ya kila video inayopakiwa na mafaili waliyowasilisha wenye haki, na haihitaji mtu akae aangalie. Mara nyingi utapata klemu tu, yani dai la mwenye wimbo juu ya video, matangazo yanaenda kwa mwenye wimbo au video inafungwa baadhi ya nchi. Klemu sio straiki, watu wanachanganya sana hapo. Straiki inakuja mwenye haki akiomba rasmi video itolewe, na ukifikisha 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kwenda na kazi zako zote za miaka. Instagram nako ule muziki uliomo ndani ya app ni kwa matumizi binafsi, akaunti ya biashara inapewa maktaba yake ndogo, na hakuna mahali walipokuruhusu uutoe uuweke kwenye faili la mteja.

Kwa hiyo fanya hivi: maneno ya muziki yaanze siku ya kusaini mkataba, sio siku ya kuediti. Jiunge na maktaba za muziki wa leseni kama Artlist, Musicbed au Epidemic Sound, lakini soma kifurushi, vingine ni vya mtu binafsi na havigusi kazi ya mteja anayelipa. Angalia pia mteja akiiposti kwenye akaunti yake itakuwaje, maana klemu itamkuta yeye na atakupigia wewe usiku. Mpe cheti cha leseni pamoja na video. Mtumie nyimbo tatu nne za kuchagua, usimfungulie maktaba nzima atapotea humo wiki mbili. Kwa uzoefu wangu, bi harusi akishaona machozi ya mama yake yameangukia kwenye biti vizuri, ule wimbo mkubwa haulizi tena.

Na kabla hujajiunga popote ulizia chama cha hakimiliki cha nchi unayofanyia kazi. Uingereza na Australia kuna leseni maalum zinazogusa video za harusi, kupitia PRS for Music na APRA AMCOS. Ila zina mipaka, hasa ukitaka kuweka mtandaoni, kwa hiyo uisome mpaka mwisho.

SWALI: Na wimbo aliopiga DJ ukumbini wakati wanacheza? Mimi sikuuweka, umeingia wenyewe kwenye maiki. – Dada wa Kuediti

JIBU: Leseni ya DJ au ya ukumbi ni ya kupiga muziki watu wasikie, haijafika kwenye kamera yako dada. Kuna nchi zinazosamehe kitu kilichoingia kwa bahati, lakini sheria ya Uingereza inasema wazi muziki uliowekwa makusudi hauhesabiwi kuwa umeingia kwa bahati, na ukijenga sini nzima ya densi juu ya wimbo huo utapata shida kumshawishi mtu. Kwa hotuba na viapo mvalishe bwana harusi maiki ndogo ya kwenye koti na uweke rekoda mezani, sauti ya mtu unaipata safi bila DJ. Densi yenyewe iwekee wimbo wa leseni wenye kasi ile ile, hesabu biti kwa dakika kwanza, alafu pale miguu inapokataa kuendana kata uende kwenye nyuso.

SWALI: Zile machi za zamani za harusi si ni bure? – Msomaji

JIBU: Utunzi ndio, watunzi wake wameshafariki zamani, Mendelssohn 1847 na Wagner 1883. Rekodi ya okestra iliyopigwa juzi sio bure.

SWALI: Na muziki wa Creative Commons? – Mpiga Picha Chipukizi

JIBU: Hizo ni leseni za bure zenye masharti, na masharti yameandikwa kwa herufi, kwa hiyo angalia herufi. NC (isiyo ya biashara) hapana, wewe unalipwa. ND (usibadilishe kazi) pia hapana, kwa Creative Commons kuunganisha muziki na picha kunahesabika kama kuibadilisha kazi. SA itakulazimisha uachie video ya watu chini ya leseni hiyo hiyo, na sidhani kama maharusi watakubali. BY ndo yako, taja jina la mtunzi na leseni, piga picha ya ule ukurasa siku unapakua na uihifadhi kwenye folda ya kazi hiyo.