Mtoto akiamka hufanya nini kwanza?

Nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Natoka nyumbani kabla jua halijachomoza, narudi saa mbili usiku. Mwanangu wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na nusu alipoanguka mlangoni akaumia goti. Nilimnyooshea mikono. Akanipita, akakimbilia kwa bibi yake. Nikamnunia mama mkwe siku mbili nzima, kana kwamba ameniibia.

Nesi wa kliniki ya watoto ndiye aliyenielekeza kwa mshauri nasaha. Nilijua nitahubiriwa. Lakini mama yule alikuja nyumbani, akaketi mkekani, akauliza: "Mama Swalehe, mtoto akiamka hufanya nini kwanza?"

Nikasema analia.

"Halafu?"

Sikuwa na jibu. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua dagaa, akajibu kutoka jikoni: "Hutafuta kikombe chake cha buluu, kisha huenda dirishani kuita kuku." Machozi yakanitoka mbele ya mgeni.

Baadaye mshauri alinieleza kwamba swali kama hilo lina historia hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1950 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa akiwatembelea akina mama 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba watoto waliotulia zaidi kwa mama zao walikuwa wa wale walioweza kusimulia habari za watoto wao kinagaubaga, hata vitu vidogo vidogo. Wingi wa walezi nyumbani haukuwa kasoro. Hapo kinyongo changu na mama mkwe kikaisha.

Kisha mshauri akanipa zoezi la kumjua mtoto, dakika 10 kila siku. Simu iweke mbali, kaa chini mtoto akuone usoni, kisha umfuate. Akitazama kuku, sema "kuku". Akitoa sauti, mjibu, halafu unyamaze umpe zamu yake. Akigeuza uso, mwache apumzike. Mimi hapo ndipo niliposhindwa: nilimgeuza kichwa, nikamtekenya, nilitaka acheke upesi nione kwamba ananipenda. "Mngoje, mama," mshauri akaniambia, kila alipokuja. Ilinichukua majuma kujifunza kungoja.

Jambo jingine, usitoroke. Nilizoea kupitia mlango wa nyuma asinione nikienda sokoni. Matokeo yake jioni alining'ang'ania nguo hata nikienda chooni, maana hakujua nitapotea saa ngapi. Siku hizi namuaga, analia kidogo, naenda. Na nikirudi simuulizi bibi "amekula?" tu, namuuliza pia "leo kimemchekesha nini?" Ukiwa na msichana wa kazi, muulize hivyo hivyo, kwa heshima; yeye ndiye anayemjua mwanao mchana.

Kama mtoto hageuki ukimwita, au hatazami uso wa mtu yeyote, usijilaumu wala usingoje. Mpeleke kituo cha afya wampime masikio na makuzi yake. Wahudumu wa afya wa kijiji, hawa tunaowaita VHT, watakuelekeza.

Juzi Swalehe alianguka tena. Akakimbilia kwa bibi yake kama zamani. Nikaenda nikaketi karibu yao, sikumvuta. Baada ya muda akanigeukia, akaninyooshea goti nilione.