Impala ya Afrika Kusini: kwa nini Mk II ilikuwa na kiti kimoja?

Swali: Mkuu, Impala ya makaburu si ilikuwa ndege ya mafunzo ya Waitaliano? Sasa mbona Mk II, yaani toleo la pili, ina kiti kimoja, na ilidumuje mpaka 2005 wakati walikuwa na vikwazo vya silaha?

Jibu: Ni kweli ndugu yangu, ni MB-326 ya kampuni ya Kiitaliano Aermacchi, iliruka mara ya kwanza Desemba 1957, Atlas, kampuni ya ndege ya Afrika Kusini, wakaanza kuiunga Kempton Park mwaka 1966 kwa vifaa vya kutoka Italia na taratibu wakawa wanatengeneza sehemu kubwa wenyewe. Mk I ni viti viwili, mwalimu na mwanafunzi.

Mk II ndo MB-326K. Pale alipokaa mwalimu pakaingia mafuta na vifaa vya umeme, na mizinga miwili ya milimita 30 aina ya DEFA ikakaa ndani ya mwili wa ndege. Hili ni kubwa sana, maana kwenye Mk I bunduki unaitundika chini ya bawa, inakula nafasi ya bomu na hewa inaikwamisha ndege.

Shida ni injini. MB-326K ya Italia ilipewa injini ya Viper 632, msukumo wa kilo 1,800 hivi, Impala Mk II ikabaki na Viper 540 ya kama kilo 1,550, sasa uijaze mabomu kwenye joto la kambi ya Ondangwa kule Namibia, inapaa kwa shida na haina rada, kwa hiyo rubani anaruka chini chini tu. Ila bawa lake lililonyooka linageuka vizuri kwenye mwendo mdogo, ndo maana Septemba 1985 ziliweza kuangusha helikopta za Angola. Na tusisahau hizo Impala zilikuwa zinapigania utawala wa ubaguzi, waliokuwa chini ya yale mabomu ni Waangola na wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia.

Kuhusu kudumu, jibu ni leseni ya kuiunda wenyewe. Zambia na Zaire nao walikuwa na MB-326 lakini walinunua zikiwa tayari Italia, spea zinategemea nje. Atlas walikuwa na kiwanda, michoro na mafundi, vikwazo vya lazima vya Umoja wa Mataifa vilipokuja Novemba 1977 ndege zikaendelea kuruka mpaka ndege ya Kiingereza Hawk Mk 120 ikachukua nafasi. Hata Wabrazili, ambao kampuni yao ya Embraer iliunda MB-326 kwa jina la Xavante, nao kwa leseni, walikuja kununua Impala zilizostaafu ili wapate spea.