Namba ya WhatsApp imefungwa kwa sababu ya matangazo: nifanyeje?

SWALI: Mimi ni fundi wa sofa, kibanda changu kiko Kibuye hapa Kisumu. Kazi ilipolegea nilianza kutuma picha za viti kwenye makundi ya WhatsApp: la mtaa, la kanisa, la wazazi wa shule, na mengine niliyoingia kwa linki tu. Yote pamoja ni kama arobaini. Baadhi ya maadmini walinitoa, sikujali. Wiki jana namba yenyewe imefungwa. Mpwa wangu anasema ninunue laini mpya, nichukue namba za wote walionilipa kwa M-Pesa niwatumie matangazo, naye atabandika linki ya ukurasa wangu kwenye majukwaa ya intaneti ili Google inipandishe juu. Nimsikilize?

JIBU: Ndugu fundi, laini mpya iache kwanza. Ile iliyofungwa ndiyo iliyo kwenye bango lako, kwenye risiti, na kwenye simu ya yule mama uliyemtengenezea viti miaka mitatu iliyopita ambaye sasa binti yake anaolewa. Ipiganie hiyo.

Irudishe ndani ya simu na ufungue WhatsApp. Chini ya ule ujumbe wa kwamba akaunti haiwezi kutumika kuna kitufe cha kuomba ikaguliwe upya. Utaletewa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, uzijaze, kisha ueleze kwa maneno machache: wewe ni fundi, ulituma matangazo kwenye makundi mengi, umeacha. Usidanganye kwamba simu iliibwa. Na kama ulikuwa unatumia ile GB WhatsApp isiyo rasmi wanayopakua vijana, iondoe kabla ya yote uweke ya kawaida, maana hiyo peke yake inatosha kukufungisha. Siahidi kwamba itafunguliwa, lakini nimeona zikifunguliwa.

Sasa, nani alikufunga? Si kwamba kuna mtu Marekani anayesoma mazungumzo yako; ujumbe husafiri ukiwa umefungwa kwa siri. Ni wapokeaji. Mtu akipata ujumbe kutoka kwa namba asiyoihifadhi, simu humwuliza papo hapo: umzuie, umripoti, au umhifadhi? Akikuripoti, jumbe tano za mwisho ulizomtumia hupelekwa WhatsApp. Ongeza mwendo wako: picha ileile, maneno yaleyale, makundi arobaini kwa dakika chache. Hivyo ndivyo roboti hufanya kazi, na mtambo unaokupima haujui kwamba kidole kinachobonyeza kina gundi ya sponji.

Hilo nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa naanza Nakuru nilikuwa nachapisha kadi na mabango, na kila kundi nililiwekea ofa. Jirani yetu mmoja akafariki, tukaundiwa kundi la mchango. Orodha ilikuwa inateremka vizuri, huyu 500, yule 1,000, Mama nani 300, nami katikati nikaangusha kadi ya harusi yenye waridi jekundu na maneno "Ofa! Ofa!" Hakuna aliyenitukana. Mweka hazina alinakili orodha yote, akaibandika tena chini ya waridi langu, michango ikaendelea. Ningefurahi zaidi kama wangenitoa. Programu za mazishi zilichapishwa duka la pili kutoka kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na msiba.

Kuhusu namba za M-Pesa, hapo mpwa wako anakupeleka pabaya. Aliyekulipa alikupa pesa. Namba ilikufikia kwa sababu ya malipo, si ya matangazo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila yeye kukubali waziwazi. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba hata aliyekubali lazima apewe njia rahisi ya kujiondoa. Najua kuna watakaokuambia kwamba biashara yenye mapato chini ya milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 haihusiki. Wanachanganya mambo. Biashara ya namna hiyo, kama ya kwako, imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, haikusamehewa kuitii sheria. Mlalamishi hatozwi kitu kupeleka lalamiko, nalo hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90. Faini ya juu ni shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kinachokuwa kidogo, kwa hiyo kwako huenda isitishe. Kinachouma ni fidia unayoweza kuamriwa umlipe mwenye namba. Wateja hao utawapata kwa njia nyepesi: siku ya kupeleka viti, muulize, "Nikitoa muundo mpya nikutumie?" Akikubali, umwandike.

Zile linki za kwenye majukwaa zilipitwa na wakati zamani. Mwaka 2005 Google na wenzake waliweka alama inayoambia mtambo wa utafutaji usihesabu linki kama kura ya kuupandisha ukurasa, hasa kwa ajili ya watu kama mpwa wako. Mwaka 2019 Google ikaongeza nyingine, ya linki zinazobandikwa na watumiaji. Atachosha vidole bure, na wasomaji watalikumbuka jina lako kwa ubaya.

Ningekuwa wewe, ningeanza na ramani. Fungua wasifu wa biashara kwenye Google, hauna malipo. Huenda wakataka video kuthibitisha, na hapo kibanda chako ni mali: onyesha barabara, bango, cherehani, fremu iliyoegeshwa. Anayeandika "sofa Kisumu" akiwa kitandani kwake Mamboleo ameshaamua kununua. Yule wa kundi la wazazi alikuwa anatafuta tarehe ya kufungua shule.

Namba ikirudi, hamia WhatsApp Business, uweke viti kwenye katalogi pamoja na bei. Bei, ndugu yangu. "Njoo inbox" humfukuza mteja kuliko bei kubwa. Ile orodha ya kutumia watu wengi kwa pamoja hubeba hadi 256, lakini ujumbe huwafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hiyo waombe wakuhifadhi. Stetasi nayo huonekana na waliokuhifadhi nawe ukawahifadhi, na hakuna anayeweza kusema umemwingilia.

Makundi usiyakimbie yote. Muulize admini kama kuna siku ya biashara. Na mtu akiandika, "Jamani, nani anajua fundi mzuri wa viti?" hapo jibu upesi, yeye mwenyewe ameuliza. Mtumie picha mbili. Moja ya kochi lililokamilika, ya mchana, si ya taa. Nyingine ya kochi hilohilo kabla ya kuvalishwa kitambaa, mbao na mikanda vikionekana, futi ya kupimia imelazwa juu ya fremu. Wengi Kisumu wamewahi kuuziwa sofa nzuri iliyofichwa mbao za makreti ndani.