Ile namba ya miaka nyuma ya kitabu: maswali yenu

Mwanangu ana miaka saba na anakitaka kitabu kilichoandikwa "miaka 9 hadi 12". Nimnunulie?

Kisome kwanza wewe. Namba hiyo huwekwa na mchapishaji, na humsaidia sana muuzaji kujua akiweke rafu gani. Mtoto wako haimjui.

Tenganisha ugumu wa maneno na uzito wa mambo yanayosimuliwa. Ugumu hupimwa kwa vidole: fungua ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, akunje kidole kila neno linapomshinda. Vikitimia vitano kabla ya ukurasa kwisha, kitabu kinamzidi kwa sasa. Ni kipimo cha haraka tu, wala usikifanye mtihani.

Uzito hauna kipimo cha vidole. Mtoto anaweza kusoma sentensi nyepesi kabisa kuhusu mama anayefariki, asikwame hata neno moja, kisha usiku akakataa kulala peke yake. Hapo ndipo unapotakiwa uwe umemtangulia. Na ikiwa hadithi inamfaa ila maneno yanamshinda, msomee. Watoto huelewa kwa kusikiliza mambo mengi ambayo bado hawawezi kujisomea.

Binti yangu hasomi chochote ila katuni. Nimpokonye?

Hapana. Kati ya picha moja na inayofuata kuna tukio ambalo halikuchorwa, na msomaji ndiye analijaza kichwani. Huko nako ni kusoma. Mtafutie katuni nzuri zaidi, halafu mwache.

Ninataka kuanza kuandika uhakiki wa vitabu vya picha. Nianzie wapi?

Swali hili nililingoja, maana uhakiki mwingi wa vitabu vya watoto ni muhtasari wa hadithi uliofungwa kwa "watoto watakipenda". Watoto gani? Umejuaje?

Kisome kitabu mara tatu. Kwanza peke yako, kimya. Pili kwa sauti, kwa sababu ndivyo kitakavyoishi: sentensi inayokukata pumzi itamkata pumzi kila mzazi atakayeisoma usiku akiwa amechoka. Mara ya tatu funika maneno kwa karatasi, uangalie picha tu.

Tuseme maneno yanasema, "Paka akaondoka taratibu," huku pichani rafu imeanguka, vikombe viko hewani na mkia unachomoza dirishani. Maneno yanadanganya, picha inasema kweli, na mtoto anacheka kwa kuwa amemzidi msimulizi ujanja. Mhakiki aliyesoma maneno peke yake ataandika kwamba ni kitabu cha paka mtulivu.

Angalia pia mahali ukurasa unapofunuliwa. Vitabu hivi kwa kawaida vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa nane au 16. Ndani ya nafasi hiyo mwandishi stadi huficha jambo upande wa pili: "Akafungua mlango, na ndani akaona..." Funua. Kama jibu liko ukurasa huohuo, mshangao umepotea, na hilo linastahili kuandikwa.

Msomee mtoto, kisha andika ulichokiona: alicheka wapi, alianza kuchezea kamba za viatu wapi, ukurasa upi aliomba urudie. Mtaje mchoraji, na mfasiri kama yupo, husahaulika mno. Mwisho wa hadithi usiutoe.

Tumepewa sanduku la vitabu vya sayansi vilivyotumika. Nitajuaje vipi vimepitwa na wakati?

Anza na mwaka wa kuchapishwa. Kisha kwenye vitabu vya anga hesabu sayari. Zikiwa tisa, kuna uwezekano mkubwa kitabu kiliandikwa kabla ya Agosti 2006, wanaastronomia walipoiondoa Pluto katika orodha ya sayari. Usikitupe papo hapo. Mwambie mtoto atafute kosa, atafurahi kuliko unavyodhani. Kitabu cha dawa au cha mwili wa binadamu kilichochakaa hivyo, hicho sitakitetea.

Je, nifuate tuzo?

Tazama kwanza tuzo ni ya nini. Medali ya Caldecott, inayotolewa Marekani tangu 1938, humwendea mchoraji wa kitabu cha picha. Tuzo ya Hans Christian Andersen, iliyoanza 1956, siku hizi hutazama kazi zote za mwandishi au mchoraji. Kwa hiyo jina la tuzo likiwa jaladani, huenda linamsifu mtu, wala si hicho kitabu ulichoshika. Na waliopiga kura ni watu wazima.

Mchezo wa kompyuta una alama ya umri ya PEGI 3 (miaka mitatu na kuendelea) lakini mwanangu wa miaka minne analia akiucheza. Alama inadanganya?

Haidanganyi, ila inajibu swali jingine. PEGI, inayotumika Ulaya, huangalia yaliyomo, kama vurugu, vitisho na lugha chafu. Ugumu wa kuucheza haiuhesabu. Mchezo wa mafumbo unaomtoa jasho mtu mzima unaweza kubeba hiyo hiyo 3. Ucheze wewe kwanza, uone kama una ngazi rahisi, na ufunge ununuzi wa ndani ya mchezo kabla hujamkabidhi.