Frank Baines: zaidi ya kuchora ofisi

Umeuliza kama msanifu majengo wa serikali ya Uingereza kazi yake ilikuwa kuchora ofisi tu. Hapana, mwangalie Frank Baines. Mwaka 1915 alisimamia ujenzi wa mtaa wa Well Hall, London, kwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich: nyumba karibu 1,300 chini ya mwaka mmoja! Ila kazi ngumu hasa ilikuwa paa la miaka ya 1390 la Westminster Hall, ukumbi wa kale katika jengo la Bunge la Uingereza. Wadudu walibungua maboriti ya mwaloni kwa ndani, mengine yakabaki ganda. Akaingiza vyuma vibebe uzito, vikafichwa hata ukiwa chini huvioni. Aliacha serikali 1927, akachora jengo la Thames House, leo makao makuu ya MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza.