Ndege anahesabu, au anabahatisha?

SWALI: Nimesikia kuna ndege wa porini ambaye ukificha chakula mahali pawili anakuona, huendea penye kingi. Anahesabu kweli au ananusa? Na shomoro wa uani naweza kuwapima?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Huyo ni toutouwai, robini wa New Zealand. Ni mdogo, wa kijivu, na hana hofu na watu: ukiinama atasimama karibu na viatu vyako akikodolea mikono. Huficha wadudu kwenye nyufa za miti, na mwenzi wake huvizia akawaiba. Mwizi asiyejua penye wengi anapoteza safari.

Watafiti waliowapima ndege hao katika hifadhi ya Karori, Wellington, walichapisha majaribio yao 2008. Walitia mabuu ya mbawakawa wa unga kwenye mashimo mawili, ndege akitazama, kisha wakayafunika. Mara nyingi alifunua penye mengi. Jumla ikipanda, makosa yaliongezeka. Lakini hata mabuu 12 kwa mashimo yote mawili, bado alipatia kuliko anayebahatisha. Harufu, muda na ujazo havikutosha kueleza matokeo. Kisha wakamchezea: alioneshwa mengi, akakuta machache. Akazidi kupekua. Kwetu huo ndio ushahidi mzito, maana anayefuata pua hatafuti kisichokuwapo. Ila hasemi moja, mbili, tatu. Hukadiria, ndiyo maana wingi humchanganya.

Shomoro hawafai: hushuka kundi zima, mmoja akitua wengine wanamfuata. Tafuta ndege mmoja aliyekuzoea. Toboa ubao mashimo mawili sawa, kila moja lifunikwe kipande cha turubai kilichopigiliwa msumari mmoja, akisukume kwa mdomo. Tia buu 1 huku, 3 kule, yaliyokufa. Yaliyo hai hukwaruza akasikia.

Kinachoharibu majaribio mengi ni mkono. Kutia 3 kunachukua muda mrefu, na ndege hufuata mkono uliokawia. Basi penye 1 ingiza mkono mara tatu, mara mbili ukiwa mtupu. Badilisha kulia na kushoto, pia shimo la kuanzia. Ukishafunika, rudi nyuma utazame chini, usije ukamwelekeza kwa macho. Andika shimo la kwanza tu.

Akipatia 15 au zaidi kati ya 20, kwa kubahatisha tupu hilo hutokea kama mara 2 katika 100. Akipata 12, hujathibitisha kitu. Akifaulu, mpe 3 kwa 4.